Nusu Nyingine ya Maneno ya Mama Zipu

"Nataka nusu yangu!" Mama Zipu alisema, akautua mkoba wake juu ya meza ya mapokezi kwa kishindo mpaka kalamu zikaruka. "Mlikuja kazini kwangu mkachukua maneno mazima. Mmerusha nusu. Hiyo nusu nyingine iko wapi?"

Dada wa mapokezi alimtazama kwa jicho la mtu aliyezoea kugombezwa. "Mama, punguza sauti. Kuna kipindi kinaendelea."

"Nipunguze sauti? Si ndiyo hii mnayoirusha tangu juzi, asubuhi, mchana na jioni, kama tangazo la sabuni? Leo ndiyo imekuwa kubwa?"

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kutangaza ng'ombe aliyepotea alijifanya anakohoa. Hakuwa anakohoa.

Mlango wa studio ukafunguka, mtangazaji akatoka. Kwa sauti yake ya redioni ungemdhania pandikizi la mtu. Kumbe ni bwana mwembamba wa makamo, miwani puani, shati limemzidi mabega.

"Mama yangu, kuna shida gani?"

"Shida ni wewe."

"Mimi tena?"

"Wewe, mwanangu. Ulinisikia nimesema nini, halafu umekata ukabakiza unachokitaka."

"Lakini mama, tuseme ukweli. Ile si sauti yako?"

"Ni yangu. Na ulimi ni wangu. Mkasi ndio wa kwako."

Mtangazaji akatabasamu lile tabasamu la kumtuliza mtoto aliyeanguka. "Redio ina muda, mama. Hatuwezi kurusha kila neno la kila mtu. Tunachukua kiini tu."

"Kiini! Sasa sikiliza nikwambie. Zipu ina pande mbili. Mtu akiniletea upande mmoja, hata niwe na gunia zima la vichwa vya zipu, siwezi kuifunga. Wewe umechukua upande mmoja wa maneno yangu ukautangazia mji mzima kwamba ndiyo zipu."

Sasa ili ijulikane huyu mama alikuwa anadai nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza zipu, na zipu peke yake. Hakushona, hakudarizi, hakupunguza suruali. Alikaa chini ya ngazi ya jengo la vyumba vya kupanga, pale ambapo zamani wafagizi waliweka ndoo zao, na vifaa vyake vilikuwa koleo ndogo, kipande cha mshumaa cha kulainishia meno ya zipu, na bati la maziwa lililojaa vichwa vya zipu za kila aina. Mabegi ya shule, majaketi, mikoba ya harusini, yote yalipita mapajani pake. Ubavuni pake alikaa fundi viatu waliyemwita Mzee Soli, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kumtania.

"Huyu mwanamke anafunga kila kitu," Mzee Soli aliwaambia wateja, "ila mdomo wake umemshinda."

Ilikuwa kweli. Na kitu kingine kilichokuwa kweli ni kwamba alikuwa bingwa wa kusema kesho. Nyuma yake, kwenye msumari, ulining'inia mkoba mweusi wa ngozi, mpana, uliokatika kichwa cha zipu. Ulikuwa wa Bi Mkunga. Umekaa pale hadi vumbi likaufanya wa kijivu. Kila Bi Mkunga alipopita kuuulizia, jibu lilikuwa lilelile: "Dada, kichwa cha saizi hii ni adimu. Kesho." Na Bi Mkunga alicheka, akaendelea na safari yake.

Mkoba ule haukuwa mkoba wa kuchezewa. Bi Mkunga alikwenda nao kwenye nyumba za watu miaka yote aliyofanya kazi hospitali na baada ya kustaafu. Kitinda mimba wa Mama Zipu alizaliwa kwenye korido, mchana wa mvua, barabara imekatika, na aliyefika kwa miguu akiwa amebeba mkoba ule kichwani ni Bi Mkunga. Mama Zipu alitaka kumlipa, akakataa. Basi hapo utaona mkoba ule kukaa msumarini ilikuwa aibu gani.

Mwaka huo Bi Mkunga akagombea udiwani. Alitaka zahanati ya kata iwe na chumba cha kujifungulia chenye maji, maana alichoka kuzalisha watu kwa maji ya ndoo. Mpinzani wake alikuwa Mwenye Malori, tajiri ambaye malori yake ndiyo yaliyovunja barabara, na sasa ameahidi kuitengeneza.

Na hapa ndipo redio ilipoanza kumkera Mama Zipu, kabla hata hajaingizwa yeye mwenyewe. Aliisikia kutwa, kwa sababu mwenye duka la soda upande wa pili wa ngazi aliifungulia mpaka spika inakwaruza. Mwenye Malori akitajwa, anatajwa "mgombea anayepewa nafasi kubwa." Bi Mkunga akitajwa, ni "mgombea mwingine."

"Anayepewa nafasi na nani?" Mama Zipu aliiuliza spika. "Kura hazijapigwa! Nani kampa?"

Mzee Soli hakujibu. Alikuwa na misumari midomoni.

Mwenye Malori alipohojiwa, aliulizwa atafanya nini kuhusu barabara, maji, soko. Alijibu upuuzi, lakini aliulizwa. Bi Mkunga alipohojiwa, aliulizwa kama haoni mlima aliouparamia ni mrefu. Akaanza kueleza habari za zahanati, akaulizwa tena: lakini bibi, kushinda utashindaje? Kipindi kikaisha, swali la zahanati halikuulizwa hata moja.

Kisha ikaja picha ya viti. Bi Mkunga alitangaza mkutano wake uwanja wa shule saa nne asubuhi. Sasa katika mtaa ule kila mtu anajua kwamba mkutano wa saa nne maana yake saa nne ndipo unatafuta viatu. Lakini Bi Mkunga alikuwa mtu wa hospitali. Kwake saa nne ni saa nne, dawa haichelewi. Mpiga picha wa redio naye akaja saa nne. Akakuta viti vya plastiki vimepangwa kama meno, na Bi Mkunga mbele, peke yake na kipaza sauti. Akapiga picha, akapanda pikipiki, akaenda zake. Watu walipojaa mpaka wengine wakakaa madirishani, yeye alishafika mjini anakula. Jioni picha ikazunguka kwenye simu za watu: viti vitupu, bibi mmoja, na maneno chini yake, "Safari ndefu."

Mama Zipu alikuwepo mkutanoni. Alikaa kwenye kiti kimojawapo cha vile vitupu. Aliishika simu ya mteja akaitazama picha ile, damu ikamchemka mpaka akaharibu zipu ya watu.

Ndipo mtangazaji mwenyewe akaja chini ya ngazi na kinasa sauti. Alianza na Mzee Soli, na Mzee Soli akaonyesha misumari midomoni, akainua mabega. Akageukia kwa mama.

"Mama, unadhani Bi Mkunga ana nafasi ya kushinda?"

Mama Zipu alikuwa na begi la shule mapajani, koleo mkononi, hasira tayari kooni. Akasema, bila kupumzika: "Kushinda hashindi, atashindaje na ninyi kila siku mnamtangaza kama marehemu? Lakini kura yangu anayo, na ya mume wangu nitaisimamia mwenyewe!"

Watu wakacheka. Mtangazaji naye akacheka, akashukuru, akaondoka.

Jioni Mama Zipu yuko jikoni, mumewe kakaa na redio yake. Redio ile ilikuwa mke wa pili. Ilikuwa na koti la ngozi bandia lenye zipu, isiingie vumbi, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Taarifa ya habari ikasema hata akina mama wenzake wa mtaani wamepoteza imani na Bi Mkunga. Kisha ikaja sauti ambayo nyumba nzima iliijua:

"Kushinda hashindi."

Kisha muziki.

"Mke wangu!" Mumewe alisimama. "Umetoka redioni! Na umesema kifupi! Tangu nikuoe sijawahi kukusikia unasema kifupi."

Mama Zipu alitoka jikoni na mwiko unadondoka mchuzi. "Mengine yako wapi?"

"Mengine yapi?"

"Baba watoto, mimi nimewahi kusema maneno mawili nikanyamaza?"

Mume akafikiri. "Hapo umesema kweli."

Kesho yake asubuhi yakarushwa tena. Na mchana. Na jioni. Siku iliyofuata akina mama wakaanza kupita chini ya ngazi na nyuso zao za kusikitika. Wa kwanza muuza mayai, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake kilichoahidi kumpigia Bi Mkunga kampeni nyumba kwa nyumba.

"Tumeahirisha, shoga," alisema, akitua trei zake. "Hata wewe umeshasema. Sisi ni nani tubishe?"

"Nimesema nini mimi?"

"Si hashindi? Kura siyo ya kutupa, mwenzangu. Mimi nampenda Bi Mkunga, wanangu wote kawapokea yeye. Mimi ningempa. Ila watu hawatampa."

Akaja mwenye duka la soda: yeye angempa, ila watu hawatampa. Akaja mwalimu na begi lake la kompyuta: mama bora, ila watu. Akaja mpangaji wa ghorofa ya pili: ila watu.

Mama Zipu akaitupa koleo kwenye bati. "Hao watu ni akina nani? Nimekaa hapa tangu asubuhi nawasubiri wapite, sijawaona! Kila anayekuja ni wewe na mimi, wewe na mimi. Hao watu wasiompenda wanaishi wapi? Wanapitia mlango gani?"

"Wako," alisema muuza mayai. "Redio imesema." Kisha akashusha sauti. "Halafu Bi Mkunga amenituma. Anasema ule mkoba wake ubaki nao tu. Hataki kukusumbua tena."

Hapo Mama Zipu aligeuka akautazama mkoba msumarini. Angetukanwa angejua la kujibu, maana matusi alikuwa nayo akiba. Lakini hataki kukusumbua! Maana yake dada yule amekaa kwake, amesikia sauti aliyoizoea ikimzika kwenye redio, na amemwachia mkoba kama mtu anavyomwachia jirani mbaya sufuria. Ndipo Mama Zipu akafunga bati lake mchana kweupe, akamwachia Mzee Soli wateja, akapanda kwenda redioni kudai nusu yake.

Turudi pale mapokezi.

"Sawa, mama," mtangazaji alisema baada ya kusikiliza habari ya zipu yenye pande mbili. "Nimekuelewa. Lakini nitakuwa mkweli. Ile nyingine haipo."

"Haipo vipi?"

"Tumeshaifuta. Mashine hujaa. Tukishatoa kipande chetu, kinachobaki tunafuta."

Kumbe nusu ya Mama Zipu haikuwa imefichwa popote. Imetupwa kama mabaki ya kitambaa. Katika dunia nzima iliyobaki ni ile ya kumwangamiza Bi Mkunga.

"Lakini njoo kesho asubuhi kwenye kipindi," mtangazaji akaongeza haraka, kwa kuwa alimwona mama ameinua mkoba na hakujua utatua wapi. "Moja kwa moja hewani. Useme mwenyewe."

Akaenda. Alivaa gauni la kanisani, akapaka mafuta kama anakwenda kuposwa. Mumewe akabaki nyumbani na redio, na muuza mayai akaahidi kusikiliza. Taa nyekundu ikawaka. Na mtangazaji, kwa sauti yake ya pandikizi, akaanza: "Leo tunaye studioni yule mama aliyezungumziwa sana wiki hii. Tujikumbushe." Akabonyeza.

"Kushinda hashindi."

Mama Zipu akajisikia mwenyewe kwenye vile visikilizio, mle ndani ya masikio, kama mtu anayezabwa kofi kwa mkono wake.

"Mama, je, bado unaamini hivyo, au umebadili mawazo?"

"Sijabadili kitu. Ulikata."

"Kwa hiyo sasa unasema atashinda?"

"Mwanangu, wewe ni mtangazaji au mpiga ramli? Mbona swali lako ni hilohilo? Niulize atafanya nini. Niulize zahanati ina maji au haina."

"Wasikilizaji wanataka kujua, mama. Atashinda, hatashinda?"

"Wasikilizaji ndio wapiga kura! Wanataka kujua kwako watafanya nini wao wenyewe?" Akausogelea mkonga wa maikrofoni kama anataka kuuma. "Nasema hivi, na safari hii usikate. Nilisema hashindi kwa sababu ninyi kila siku—"

Taa nyekundu ikazimika. Muziki ukaingia, kisha sauti ya mwanamke mwenye furaha kupita kiasi ikatangaza huduma ya usafirishaji wa mizigo, haraka na salama, kwa malori ya kuaminika. Malori ya nani, huhitaji kuambiwa.

"Muda, mama," mtangazaji alisema, akivua visikilizio. Hata hakumtazama. "Tulijitahidi."

Mama Zipu alishuka ngazi za redio na gauni lake la kanisani, kimya. Ule ukimya Mzee Soli alipouona alidhani kuna msiba.

"Wamekukata tena?"

"Wamenikata tena."

Akaketi. Akavuta begi la kwanza, la mwalimu, akalitia kichwa kipya, akapaka mshumaa, akakivuta mpaka katikati. Kisha akaacha. Mwalimu akanyoosha mkono kulipokea.

"Ngoja," Mama Zipu alisema. "Kwanza sikia nilichosema siku ile." Akamwambia maneno yote, ya mbele na ya nyuma, na ya mumewe atakayesimamiwa. "Sasa niambie. Wewe, siyo watu. Wewe unampa nani?"

"Mama, kura ni siri."

"Basi usinitajie. Ila na hao watu wako usinitajie." Akaifunga zipu mpaka mwisho, akamkabidhi.

Akafanya hivyo kwa kila mtu. Kuanzia siku hiyo mpaka siku ya kupiga kura hakuna jaketi wala begi lililotoka chini ya ngazi ile bila mwenyewe kusikia maneno mazima, na zipu ikingojea katikati. Wengine walinuna. Mmoja aliondoka na begi wazi. Lakini wapo waliocheka, wakasema, "Mimi? Mimi nampa yeye," na wakashangaa kumsikia wa nyuma yao kwenye foleni akisema hilohilo. Siku ya pili Mzee Soli alitema misumari yote kiganjani, akasema, "Na mimi nampa," kisha akairudisha midomoni kabla hajaulizwa zaidi. Muuza mayai alikuja, akasikiliza, akajitwisha trei zake. "Mjinga mimi," alisema. Akaondoka na maneno yale nyumba kwa nyumba, pamoja na mayai.

Ingekuwa hadithi ya kubembelezea watoto, Bi Mkunga angeshinda. Hakushinda. Siku zilikuwa zimebaki chache, na redio ilianza mapema. Lakini tofauti ya kura kati yake na Mwenye Malori ungeiketisha kwenye vile viti vya plastiki vya uwanja wa shule, na vingine vikabaki. Vilevile walivyovipiga picha! Na wiki nzima waliofika chini ya ngazi walikiri kwa aibu: ningejua alikuwa karibu hivyo, ningempa. Ningejua!

"Ungejulia wapi," Mama Zipu aliwajibu, "na walioshika redio hawakutaka ujue?"

Redio ilisema Mwenye Malori ameshinda "kama ilivyotarajiwa." Kisha mtangazaji akarudi na kinasa sauti chake, hana hata chembe ya haya.

"Mama, Bi Mkunga amewashangaza wengi kwa kura alizopata. Unasemaje?"

Mama Zipu alinyoosha mkono kwa Mzee Soli bila kugeuka. Mzee Soli akaelewa. Akampa misumari. Mama Zipu akaipanga midomoni mmoja mmoja, akainua mabega, akaendelea na kazi. Mtangazaji alisimama pale na kinasa sauti kinachozunguka bure, mpaka akaona haya ya watu wanaomtazama.

Jioni ile Mama Zipu akautungua mkoba mweusi msumarini, akaenda nao nyumbani. Alimwaga bati zima la vichwa mezani. Hakuna kilichoingia. Akaangaza chumbani. Macho yakatua kwenye redio ya mumewe, imekaa ndani ya koti lake.

"Usithubutu," mumewe alisema.

"Hebu nipime tu."

"Mama watoto, itaingia vumbi!"

"Iingie. Imeingia mangapi hiyo."

Kichwa kilikaa kwenye meno ya mkoba kana kwamba kilizaliwa hapo. Akapaka mshumaa, akafuta vumbi, akapaka ngozi mafuta mpaka weusi wake ukarudi.

Alipofika kwa Bi Mkunga alimkuta anabandua mabango yake mwenyewe ukutani, taratibu, asichane rangi ya mwenye nyumba.

"Hodi, dada."

Bi Mkunga hakugeuka mara moja. "Karibu. Nilisema usijisumbue na huo mkoba."

"Ulisema. Sikukusikia vizuri." Akamnyooshea mkoba. "Umechelewa. Umechelewa sana, na sina la kujitetea."

Bi Mkunga akaupokea. Akavuta zipu mpaka mwisho, akairudisha, akaivuta tena. Ilikwenda kimya, kama maji. Uso wake ulilegea kidogo pembeni mwa mdomo.

"Kichwa adimu umekipata wapi?"

"Nimekivua kwa redio."

Dada yule akacheka, kicheko cha kukosa nguvu, akakaa kwenye kizingiti na mkoba mapajani. Mama Zipu akakaa pembeni yake.

"Dada, siku ile mimi nilisema—"

"Najua ulichosema. Muuza mayai kaniambia. Na mwalimu. Na mpangaji wa ghorofani. Wamenijia mmoja mmoja, kila mtu kwa mdomo wake."

"Basi kumbe ile nusu hainidai."

"Inakudai. Wewe sijakusikia." Bi Mkunga akaegemea mlango. "Sema, mdogo wangu. Yote. Mimi sina tangazo."

Basi Mama Zipu akasema, ya mbele na ya nyuma, na akaongeza mengine ambayo hata mtangazaji hakuwahi kuyafuta. Bi Mkunga alisikiliza mpaka mwisho.